Januari pekee haitoshi kupima upungufu wa vibarua

Pembeni ya Lubumbashi, njia ya Kasenga au ya Kipushi, wenye mashamba wanalia kila Januari kwamba vijana wa kupalilia hawapatikani. Agosti vijana hao hao wamekaa tu, wanatafuta kibarua chochote. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na ziada ya watu na upungufu wao ndani ya mwaka mmoja.

W. Arthur Lewis, mchumi mzaliwa wa Saint Lucia, alieleza mwaka 1954 kwamba penye watu wengi kuliko kazi ya shamba, viwanda huajiri kwa muda mrefu bila kupandisha mshahara. Inatosha kulipa zaidi kidogo ya kipato cha kijijini. Yeye alitaja asilimia 30 hivi au zaidi. Ziada ikiisha, kila anayeondoka anaacha kazi ambayo hakuna wa kuifanya, na malipo hupanda mjini na shambani.

Utajuaje kama imeisha? Andika malipo ya kibarua cha siku, Agosti na Januari, miaka 4 au 5 mfululizo. Faranga zinayeyuka, kwa hiyo zigeuze kuwa meka (kipimo cha sokoni) za unga kwa bei ya soko ya wiki hiyo, na chakula cha mchana kikitolewa kihesabu. Hapa wengi wanakosea: Januari ghala ni tupu na unga uko juu, hivyo linganisha Januari na Januari, Agosti na Agosti. Kazi ikilipwa kwa mistari, pima urefu wa mstari pia. Bei inaweza kubaki ile ile huku mstari ukifupishwa, na hilo nalo ni nyongeza ya malipo.

Januari ikipanda peke yake, ni pengo la msimu. Mahindi yanataka palizi ya kwanza wiki 2 hadi 3 baada ya kuota. Ukichelewa, nyasi zinakula mbolea uliyoinunua. Wote wanahitaji watu kwa wakati mmoja. Agosti nayo ikipanda mwaka hadi mwaka, basi ziada kweli inapungua.

China viwanda vya Guangdong vilianza kulalamikia uhaba wa wafanyakazi mwaka 2004, ingawa vijijini watu walikuwa bado wengi. Waliobaki walikuwa wazee na watoto zaidi, na taratibu za uandikishaji wa makazi ziliwazuia wahamiaji kutulia mjini na familia.

Katanga, eneo la Lubumbashi, ilijibu uhaba kwa namna yake. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba enzi za Wabelgiji, ilichukua watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), baadaye Kasai na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo). Kuelekea 1928 ikaanza mikataba ya miaka 3 na nyumba za wafanyakazi pamoja na wake zao, kwa sababu kuajiri upya kila mara kulikuwa ghali.

Leo wachimbaji wa mikono wanachanganya hesabu. Bei ya madini ya kobalti ikipanda, vijana wanaondoka kijijini bila kiwanda chochote kujengwa. Ikishuka, wengine wanarudi. Ndiyo maana kwenye daftari la vibarua weka safu ya tatu, ya bei ya madini.