Deki ya kaseti: kosa langu la miaka 9

Leo ilikuwa niandike kuhusu pembe ya kichwa cha kusomea na kapasita mbili zilizovimba. Sijagusa hata kimoja. Jumanne iliingia barua pepe ya mtu nisiyemjua, na tangu hapo wiki yote imeliwa na kasi ya mkanda.

Miaka 9 iliyopita mpira unaozungusha deki yangu uliyeyuka ukawa lami. Adha hiyo mnaijua: unaugusa mara moja, kesho yake bado unafuta weusi kwenye vitasa vya milango. Nilipomaliza kusafisha kwa spiriti na vijiti vya pamba, niliandika maelezo marefu ili nisije nikasahau mwenyewe. Niliandika namna ya kupata kipimo cha mpira usiopimika tena (pitisha uzi kwenye njia yake, upime, utoe asilimia 5), mahali lilipo lile tundu la nyuma ya mota lenye skrubu ya kasi, na masafa ya kulenga: ukicheza kaseti ya majaribio, yenye mlio mmoja wa masafa yanayojulikana, unageuza skrubu mpaka kipimo kisome namba hiyo ya mitetemo kwa sekunde (Hz). Mimi niliandika 3000. Nikayaacha wazi kwa yeyote, nikaendelea na mambo yangu. Watu watatu waliwahi kuniandikia kunishukuru. Mmoja alituma picha ya vidole vyake vyeusi tu, bila neno.

Wa nne ndiye huyu wa Jumanne. "Ndugu, nimefuata kila hatua na deki inacheza. Ila waimbaji wote wanasikika kama wameamshwa usingizini, na upande wa dakika 45 unachukua dakika 47 na ushee."

Nilimjibu kifundi mno. Nikamwambia kaseti nyingi hutoka kiwandani na mkanda wa ziada kidogo, asubiri pia mpira mpya uzoee. Akarudi kwa upole: kaseti ileile kwenye deki nyingine inaisha kwa dakika 45 na sekunde chache. Halafu akaongeza, kama mtu anayeomba radhi, kwamba lebo ya kaseti yake ya majaribio imeandikwa 3150 Hz, lakini kwa kuwa mimi niliandika 3000, aliishusha mota mpaka ikasoma 3000.

Yaani aliiona lebo, akaniamini mimi.

Sasa, kaseti za majaribio ziko za aina zote mbili. Wajapani na Wamarekani walizoea 3000 Hz, Wajerumani wakashika 3150. Ukichanganya unapata kosa la karibu asilimia 5, pungufu kidogo ya nusu toni, na dakika 45 zinakuwa 47 na robo. Tatizo lake likaisha kwa sentensi moja. Langu ndipo lilipoanza, maana kaseti niliyotumia mimi ilikuwa ya kuazima na lebo yake ilishabanduka. Ile 3000 niliitoa wapi? Nadhani niliidhania tu. Kaseti yenyewe nilishairudisha, na programu ya simu ya kupima masafa haina msaada hapo: itakusomea namba vizuri sana, bila kujua ni namba gani iliyorekodiwa.

Nikakumbuka kwamba kasi ya kaseti ni urefu kwa muda, basi. Sentimita 4.76 kwa sekunde, tangu Philips walipoitoa mwaka 1963. Kwa hiyo sentimita 476 za mkanda lazima zipite kwa sekunde 100, na hapo huhitaji kumwamini mtu wala lebo.

Nilirekodi mlio mfululizo, mlio wowote, nikafungua ganda la kaseti, nikakata sentimita 476 na kuunga kila ncha na ule utepe mweupe wa mwanzo wa kaseti. Mlio ukianza unabonyeza saa, ukikatika unabonyeza tena. Kwa maneno ni rahisi. Mkanda una upana wa milimita 3.81, unajikunja kama nywele iliyolowa, na ukiuvuta ili unyooke unarefuka, kipimo chote kinaharibika. Niliulaza juu ya meza kando ya rula ya chuma, nusu mita kwa nusu mita, nikiushikilia kwa vitabu. Mara ya kwanza niliunga kwa selotepu ya kawaida. Msifanye hivyo. Gundi yake ilijitokeza pembeni, ikashika kichwa, mkanda ukamezwa, na saa mbili za kazi zikaishia kwenye pipa la taka. Utepe maalumu wa kuungia mikanda una sababu ya kuwepo.

Jaribio la pili, Alhamisi usiku: sekunde 105.1. Nikarudia: 104.8. Nikarudia tena: 105.0.

Nilikaa nikaitazama ile namba. Deki yangu imekuwa ikivuta miguu miaka 9, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu. Mbaya zaidi, nimerekodia humo. Mkanda uliorekodiwa polepole ukichezwa kwenye deki nzima unakimbia, na ndiyo maana shemeji aliwahi kuniambia kwamba kaseti niliyompa ina sauti za vifaranga. Nilimwambia deki yake mbovu. Nimempigia leo. Amecheka mpaka simu ikakatika.

Kurekebisha kwenyewe ni robo zamu ya skrubu, kwa bisibisi ya plastiki. Najua wengine mnatumia ya chuma, lakini ikigusa ukingo wa tundu inaweza kupiga shoti kwenye ganda la mota, nami mota nyingine sina. Sasa nasoma 100.2, na mkono wangu juu ya saa hauna uhodari wa kukamata hizo sehemu mbili za kumi za sekunde.

Maelezo ya zamani sijayafuta. Nimepiga mstari juu ya 3000 na kuandika pembeni "angalia lebo yako", nikaongeza na hii njia ya sentimita 476. Kisha nikawaandikia wale watatu kuwaomba radhi. Wawili bado kimya. Mwenye vidole vyeusi amejibu usiku huohuo: aliligundua kosa wiki ileile ya kwanza, akaweka 3150 na kuendelea na maisha yake. Aliona haya kunisahihisha, anasema, kwa vile nilivyokuwa nimeandika kwa uhakika.

Kapasita bado zimevimba.