Siku moja maishani mwangu: kulivika tanuri la gesi nguo ya ndani

Saa 12 asubuhi nilifungua kiwanda changu cha uhunzi hapa Mikindani na kuweka mezani ganda la mtungi wa gesi uliochakaa, litakalokuwa mwili wa tanuri, ambalo nililikata wiki iliyopita baada ya kuondoa vali na kulijaza maji hadi shingoni, kwa sababu mtungi unaodhaniwa kuwa mtupu huweza kubaki na gesi ya kutosha kulipuka. Wateja wangu wakubwa ni wachongaji wa vinyago, na mpingo hauisamehi patasi iliyopata moto wa mabaka. Kwenye makaa nimeunguza ncha za patasi nyingi huku mashina yake yakiwa bado meusi. Ndiyo maana nataka chumba cha moto kinachokizunguka chuma chote kwa usawa.

Saa 1 mimi na kijana ninayemfundisha tulivaa barakoa, miwani na mikono mirefu. Blanketi la nyuzi za kauri, la kuzuia joto lisitoroke, ni laini kama pamba, lakini vumbi lake hudhuru mapafu, na hudhuru zaidi likishapigwa na moto mkali. Tulipanga matabaka mawili ya milimita 25, kila moja likikatwa refu kidogo ili lijibane lenyewe ukutani, na maungio yake yasikutane. Nafasi ya sentimita 30 ikabaki 20.

Saa 3 tulinyunyizia maji ya silika ya kuligandisha blanketi, yaliyotiwa rangi kidogo ili tuone yalikofika, kisha tukayakausha kwa moto mdogo wa kuwasha na kuzima. Blanketi liliposhika ugumu, hapo ndipo barakoa zilipovuliwa.

Saa 5 ilikuwa zamu ya saruji ya kuhimili moto, nayo haitaki haraka. Maji niliyapima kwa mizani, tena maji safi ya kunywa, si ya kisima chetu chenye chumvi. Nilifinyanga donge, nikalirusha juu kama shibiri moja na kulidaka. La kwanza lilipasuka kiganjani, nikaongeza maji kidogo. La pili lilitulia bila kuvunjika wala kubonyea. Lingebonyea, maji yangekuwa yamezidi, na saruji yenye maji mengi hukauka ikiwa dhaifu.

Baada ya sala ya adhuhuri tulilowanisha blanketi ili lisiinyonye saruji maji yake, kisha nikaanza kukandika unene wa milimita 12, sakafu ikizidi kidogo kwa sababu boraksi, unga wa kuunganishia vyuma, huyeyukia hapo na kula nyuzi. Pembe ya nyuma niliiviringisha kwa kidole gumba hadi ikapotea. Tundu la kichomeo nililipanua kama mdomo wa tarumbeta na kulilaza ubavuni, ili mwali uingie ukiambaa ukuta na kuzunguka, badala ya kukipiga chuma mahali pamoja. Chumba kimebaki na ujazo wa karibu lita 6, kadiri ambayo kichomeo kimoja cha inchi robo tatu hukimudu vizuri.

Saa 10 alikuja mchongaji anayengoja tezo yake.

“Fundi, si uwashe tu jioni hii tuone?”

“Hapana, kaka yangu. Hili linahitaji siku kadhaa.”

Tanuri langu la kwanza nililiwasha kwa moto mkubwa jioni ileile. Maji yaliyojificha ndani ya saruji yaligeuka mvuke usiokuwa na njia ya kutokea, na vipande vikadondoka kama plasta ya nyumba iliyovuja. Kazi ya siku nzima ilipotea, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo saa 12 jioni nililifunika kwa kitambaa chenye unyevu na kulifunga ndani ya nailoni, likae saa 24 lishike. Baadaye litakauka kivulini, kisha litapewa moto wa dakika chache na kupoa, tena na tena, huku mlango wa kiwanda ukiwa wazi. Kabla ya kufunga nilifungua nailoni upande mmoja na kupapasa ukuta wa ndani: ulikuwa baridi, laini, na alama ya kidole changu gumba bado ilionekana kwenye pembe ya nyuma.