Simu ya Kisauni, kutoka Deira

Usiku wangu wa kwanza Dubai nilimpigia mamangu kwa WhatsApp. Ilikuwa saa nne na nusu usiku kwetu Deira, saa tatu na nusu kwake Kisauni, Mombasa, maana Dubai imetutangulia saa moja tu. Simu ikaita, akapokea. Kwenye kioo changu yakatokea maandishi kwamba inaunganishwa, yakabaki pale pale, na sauti haikuja. Nikakata, nikapiga tena. Nilifanya hivyo mara nne. Nilidhani ni waifai ya chumba, kwa sababu tulikuwa wanaume sita chumba kimoja na kila mmoja ameshika simu.

Kumbe kule Kisauni mamangu alikuwa anaiona picha yangu na kuita, "Haloo! Haloo! Wanisikia?" na hajibiwi. Mwana ameondoka jana, leo usiku anapiga mara nne na hasemi neno. Alimwamsha mdogo wangu, wakakaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nilipomtumia ujumbe wa sauti kumwambia nimefika salama, hakuanza na salamu. Alisema, "Usinifanyie hivyo tena, baba. Kama huwezi kusema, usinipigie."

Wakala aliyenitafutia kazi ya jikoni hotelini alinieleza mshahara, sare, chakula na basi la kutupeleka kazini. Habari ya simu hakuigusa. Mtu anaondoka kwao akiamini ana simu mfukoni, basi nyumbani ni kubonyeza tu. Falme za Kiarabu si hivyo. Ujumbe wa WhatsApp unapita, picha zinapita, sauti ya kurekodi inapita, lakini simu yenyewe imezuiwa. Sheria ya kule inataka simu za intaneti zipitie kampuni zenye leseni au programu zilizoruhusiwa. Oman nako simu za WhatsApp zilizuiwa kwa miaka mingi. Saudia walianza kulegeza Septemba 2017, na binamu yangu aliyeko Riyadh alipata programu za kuongea na watoto wake kwa video wakati mimi ninahangaika. Kwa hiyo mtu akikwambia "Ghuba iko hivi", muulize nchi gani. Na uulize kabla hujapanda ndege, mama yako akiwa bado yupo karibu yako, kwa sababu ambazo nitazieleza.

Wiki zile za mwanzo niliishi kwa ujumbe wa sauti. Namshukuru Mungu kwa ujumbe wa sauti, lakini si maongezi. Unasema dakika mbili, unangoja. Jibu linakuja ukiwa kwenye zamu, unalisikiliza usiku, na lile aliloliuliza limekwisha kupoa. Mamangu akirekodi alikuwa anazungumza kama anahutubia, kwa sauti ya juu, na mwisho anaaga mara tatu. Hakuwa yeye.

Wapo wenzangu waliokuwa wanatumia VPN, programu ya kuficha ulipo kwenye intaneti ili simu iliyozuiwa ipite. Simhukumu mtu, najua njaa ya sauti ya nyumbani ilivyo. Lakini faini ya kuficha anwani yako ya intaneti ili utende kosa, kwa sheria ya makosa ya mtandao ya kule, inaanzia dirham 500,000 na inafika 2,000,000. Mpishi msaidizi hawezi kucheza na namba hizo. Sikuthubutu, na ndugu mgeni namshauri asithubutu.

Aliyeniokoa ni Mkenya mwenzangu wa Kisumu, aliyekaa pale miaka tisa. Aliniambia nijiunge na kifurushi cha simu za intaneti cha kampuni ya simu, wakati ule dirham 50 kwa mwezi, kisha niweke Botim, programu ya kupiga simu ambayo imeruhusiwa. Nikalipa siku hiyo hiyo. Nikafungua Botim kwa furaha, nikatafuta jina la Mama, halipo. Bila shaka halipo! Mamangu hakuwa na Botim kwenye simu yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba simu ina ncha mbili, na ncha niliyokuwa nimeisahau ndiyo ngumu. Sisi tulioko nje tunazungumzia gharama zetu, waifai yetu, uchovu wetu. Mama anayengoja kule anahitaji mtu wa kumwekea programu, nafasi kwenye simu iliyojaa picha za harusi, bando lisiloisha katikati ya neno, na chaji. Mdogo wangu alimaliza jioni nzima akifuta picha moja moja, kila moja akimuuliza Mama kwanza, mpaka ikapatikana nafasi. Ndiyo maana nasema mambo haya yafanywe kabla ya safari, mkiwa mmekaa mkeka mmoja, mpigiane kutoka chumba hadi chumba mpaka mzazi azoee kitufe cha kupokea.

Kuhusu bando niseme wazi, kwa sababu wengi tunalisahau. Simu ya intaneti inakula data pande zote mbili. Miezi miwili nilimpigia mamangu karibu kila usiku nikijiona mwana mwema, na yeye alikuwa ananunua bando kwa pesa ya mboga. Hakusema. Nililijua jambo hilo kwa mdogo wangu. Siku hizi natuma pesa ya bando kwa M-Pesa kila mwanzo wa mwezi, mbali na pesa ya matumizi, na kwa jina lake: hii ni ya maongezi yetu, isiguswe. Tena tunaongea kwa sauti tu. Video inakula data mara nyingi zaidi ya sauti, na mtandao ukilegea kidogo picha inaganda na maneno yanakatika. Ukiwa nchi ambayo simu za WhatsApp zinafanya kazi, ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data, washa ile ya kutumia data kidogo kwa simu. Inasaidia sana kwa mzazi.

Isitoshe, video haikutufaa. Nilikuwa naona mabati na pangaboi. Kwa sauti tupu naona zaidi. Mamangu anaiweka simu ndani ya gilasi kavu juu ya kabati ili sauti itoke kubwa, kisha anaendelea na kazi yake. Nasikia mbuzi ya nazi inavyokwaruza, kwaru, kwaru, inasimama anapogeuza kifuu, inaendelea. Nasikia jirani anapita na kusalimu, naye anamwambia, "Niko na mwanangu hapa." Hapa! Kuna usiku tunakaa dakika arubaini na maneno hayafiki mia. Mwanzoni nilikuwa nakata nikiona kimya, nikidhani hatuna la kusema. Siku moja akaniuliza mbona naondoka haraka.

Babangu mkubwa alikwenda London zamani, na yeye alikuwa na Skype. Aliweka salio huko, akawa anampigia nyanya kwenye kabambe yake ya kawaida, simu isiyojua intaneti ni nini. Nyanya hakuhitaji programu wala bando. Simu inalia, anapokea, basi. Kwa wazee wetu hiyo ndiyo ilikuwa njia bora, naiheshimu mpaka leo. Skype ilifungwa tarehe 5 Mei 2025, na Babamkubwa alituma ujumbe kwenye kundi la familia kama mtu anayetangaza msiba. Amehamia Viber Out, ambayo nayo inapiga namba za kawaida kwa salio. Kama mzazi wako ana kabambe, usimlazimishe simu ya kioo. Tafuta njia ya namna hiyo, pale nchi uliyopo inaporuhusu, umfuate alipo.

Na uwe na akiba. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Tanzania iliumia zaidi. Dada yangu ameolewa Dar es Salaam, na siku hiyo hakupatikana kwa Botim wala kwa ujumbe. Nikapiga simu ya kawaida, ile ya kuhesabu dakika, tukaongea upesi upesi kuhusu mtoto aliyekuwa na homa. Tangu siku ile sikosi kuacha kredi ya kutosha simu moja ya kawaida ya kwenda nyumbani, na namba za ndugu nimeziandika kwenye daftari.

Nilipomweleza mamangu kwamba sauti zetu zinasafiri kwa waya chini ya bahari, na kwamba mmojawapo, TEAMS, ulivutwa kutoka Fujairah hadi Mombasa mwaka 2009, hakushangaa. Alisema babake alikuwa baharia wa jahazi, na barua zake zilikuja kwa njia hiyo hiyo ya bahari, zikiletwa na upepo wa kaskazi, mara moja kwa mwaka. Akanisimulia moja iliyofika mwenyewe akiwa amekwisha kurudi, wakaisoma naye akiwa amekaa hapo hapo. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo nilipokuwa Kisauni. Ilitoka ndani ya gilasi ile, saa tano usiku, mimi nimelala chini ya kitanda cha mwenzangu wa juu.

Zamu zangu hubadilika, na yeye ana sala zake na kazi zake, kwa hiyo kupanga saa kulitusumbua. Mwishowe ni yeye aliyepata njia. Simu ya WhatsApp hapa Dubai haitoi sauti, lakini inalia. Akishamaliza Isha, ameosha vyombo na simu ina chaji, ananipigia kwa WhatsApp, inalia mara mbili, anakata. Ndiyo flashi yake. Mimi sipokei. Natoka nje ngazini ambako waifai inashika vizuri, nafungua Botim, nampigia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ngoja niiweke gilasini."