SS Uganda: meli iliyookolewa na falka zake

Ukitaka kujua kwa nini SS Uganda iliishi miaka 34, usianzie kwenye vyumba vya daraja la kwanza. Anzia chini, kwenye falka, mlimopakiwa shehena.

Barclay Curle wa Glasgow waliishusha majini Januari 1952. Mwenye meli alikuwa British India, kampuni ambayo dohani zake nyeusi zenye pete mbili nyeupe zilijulikana pwani yetu yote. Agosti mwaka huohuo ilianza kazi: London, Mfereji wa Suez, Aden, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, hadi Beira. Turbini zake za mvuke zilizungusha rafadha mbili (panga za kuisukuma meli majini), na mwendo wake wa kawaida ulikuwa maili 16 za baharini kwa saa. Abiria walikuwa 300 tu, 167 daraja la kwanza na 133 la kitalii, katika meli ya urefu wa futi 540. Nafasi kubwa iliyobaki ilikuwa ya mizigo.

Ndege ziliponyakua abiria wa Afrika Mashariki, hesabu ya meli ya namna hii ilivurugika. Meli dada yake, Kenya ya 1951, iliuzwa chuma chakavu mwaka 1969. Uganda ilipelekwa Hamburg mwaka 1967, na huko ndiko falka ziliporudisha thamani yake. Zilikuwa pana, zenye kimo cha kutosha, wala hazikuwa na kuta za vyumba za kubomoa. Mafundi waligawa nafasi hiyo kuwa mabweni, wakaongeza madarasa na ukumbi, na wakarefusha majengo ya juu kuelekea tezi, yaani nyuma ya meli. Februari 1968 ilitoka Southampton ikiwa meli ya safari za masomo: wanafunzi wapatao 920, na abiria wa vyumbani 306.

Tani zake zilipanda kutoka 14,430 hadi 16,907, na hapa wengi huteleza. Hizi si tani za uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa, tani moja ikiwa futi za ujazo 100. Ongezeko la 2,477 maana yake ni futi za ujazo zipatazo 247,700 mpya chini ya paa.

Kazi kama hii ina mitego yake. Ukiondoa shehena nzito chini na kujenga juu, kitovu cha uzito hupanda na meli huenda mrama polepole, ikichelewa kuinuka. Dawa yake ni farumi, yaani uzito wa kutuliza meli, chini kabisa. Kisha abiria wakizidi mara nne, kila kitu hufuata: boti za kuokolea, maji baridi, vyoo, hewa ya mabwenini, na ngazi za kutokea moto ukiwaka. Bweni lisilo na njia mbili za kutokea ni mtego.

Aprili 1982 vita vya Falkland, kati ya Uingereza na Argentina, vilikatiza safari ya masomo. Wanafunzi waliteremshwa Naples, na meli ikaenda Gibraltar. Kwa siku tatu hivi ilifanywa hospitali: jukwaa la helikopta tezini, likitegemezwa kwa nguzo za chuma kwa sababu sitaha ya matembezi haikujengwa kubeba uzito huo, kisha rangi nyeupe na misalaba mikubwa myekundu. Mabweni yakawa wodi. Ilihudumia majeruhi wapatao 730, wakiwemo Waajentina. Mkataba wa Geneva wa 1949 unaikataza meli ya hospitali kutumia mawasiliano ya siri, na sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika: kila ujumbe kuhusu mahali ilipo au inapokwenda unaweza kusikiwa na pande zote mbili.

Septemba 1982 ilirudi kwenye safari za masomo, lakini kwa muda mfupi. Kuanzia Januari 1983 ilikodiwa miaka miwili kusafirisha askari kati ya kisiwa cha Ascension na Falkland, mabweni yaleyale yakilaza askari. Ni kazi isiyosimuliwa sana, ila naiona kipimo kigumu kuliko vyote kwa mitambo ya miaka 30: Atlantiki ya Kusini, kwenda na kurudi.

Mwaka 1986 iliuzwa kwa wavunja meli wa Kaohsiung, Taiwan, ikasafiri kwa jina la Triton. Kabla hawajaanza kuivunja, kimbunga Wayne cha Agosti kiliisukuma hadi ikakwama na kulala ubavu.