Jinsi ninavyoshuhudia sokoni wakati woga bado upo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Vijana wa kanisani kwetu wananiuliza sana, dada unawezaje kumwambia mtu habari za Yesu sokoni mchana kweupe wateja wamejaa, na mi kila mara nawajibu kwamba woga ninao mpaka leo. Wanadhani najishusha tu, sijishushi, ndo ukweli wenyewe. Kwa hiyo nimeona niandike nilivyopitia, labda kuna mtu yuko ofisini au hosteli au kijiweni anatamani kusema na kinywa hakifunguki, asaidike.

Mimi ni mjane, nauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, Mwanza. Anayepajua anajua palivyo, mitumbwi na maboti yanashusha mizigo kutoka Ukerewe na visiwa vingine, makuli wanapita na magunia wanapiga kelele pisha pisha, madalali, wanunuzi mpaka wa kutoka Congo, na matusi ndo usiseme. Jirani yangu wa upande mmoja ni Muislamu wa swala tano, mtu mwema sana. Upande wa pili kuna kaka mmoja ambaye hana dini, yeye msemo wake ni kwamba dini zimekuja na meli, yaani ni za wageni. Niliokoka nikiwa sekondari kupitia UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, na shuleni kushuhudia kulikuwa kwepesi maana mko wengi, mnaimba, mna gitaa, mtu akiwacheka anawacheka wote. Sokoni uko peke yako na mzani wako.

Na ngoja niseme vizuri nilichokuwa naogopa, maana watu wakisema woga kwenye kushuhudia wanafikiri ni woga wa kupigwa. Pale hakuna atakayekupiga kwa sababu ya Yesu. Mi niliogopa kuitwa mlokole kwa ile sauti ya kubeza, niliogopa wateja wasije wakanikimbia, na kubwa kuliko yote niliogopa kuulizwa swali ambalo sina jibu lake alafu Yesu aonekane hana jibu kwa sababu yangu. Hilo la mwisho ndo lilikuwa linanifunga mdomo hasa. Nilikuwa namwomba Mungu kila asubuhi aniondolee woga, nikifika sokoni woga uko palepale unanisubiri.

Kilichonigeuza ni Waefeso 6:19. Nimeisoma miaka yote lakini siku hiyo ikanigusa tofauti, Paulo yuko kifungoni anawaandikia watu wamwombee, "nipewe usemi kwa kufumbua kinywa changu". Paulo! Mtu aliyesimama mbele ya maliwali anaomba aombewe ujasiri. Nikaenda 1 Wakorintho 2:3 nikakuta anasema mwenyewe kwamba alikuwa kwao katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi. Alafu Matendo 4, Petro na Yohana wametoka kutishwa na baraza, wanarudi kwa wenzao wanaomba, na ukisoma ile sala hawaombi vitisho viishe, wanaomba wanene neno kwa ujasiri vitisho vikiwa bado vipo. Basi nikabadilisha maombi yangu. Nikaacha kuomba woga utoke, nikaanza kuomba Bwana anipe neno hata kama natetemeka, na mambo ya nani ataamini na lini hayo nikamwachia yeye mwenyewe kwa sababu mwenye kukuza ni Mungu.

Kitu cha pili, sikubaki peke yangu. Tuna kikundi cha maombi cha akina mama kila Alhamisi jioni, nikawapelekea jina la mtu mmoja tu, yule kaka wa dini zimekuja na meli. Si soko zima, mtu mmoja. Tukamwombea kwa jina miezi mingi na mi sikumwambia neno lolote la dini kipindi chote hicho. Lakini ukimwombea mtu kwa jina kila siku unaanza kumwona, yaani mtu umekaa naye miaka kizimba kwa kizimba ndo unagundua siku hizi hali chakula cha mchana, ndo unagundua simu ikiita anakunja uso, nikaja kujua mke wake anaumwa sukari na yeye amechukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, ili amtibu na marejesho yanamshinda. Nikawa namuulizia mgonjwa, siku nyingine namtunzia mzigo wake akienda hospitali. Sikufanya hivyo kama mtego ili baadae nimhubirie, nilimhurumia kweli, na naamini ile huruma Mungu ndo aliiweka.

Ikaja masika. Wanaofanya hii biashara wanajua, jua likikosekana dagaa hawakauki, wanaoza, unamwaga mtaji hivi hivi unaona. Tulipata hasara sisi wote. Siku moja tumekaa hakuna mteja, yule kaka ananiambia, dada, na wewe umepigwa hasara kama mimi, tena una watoto na mume huna, mbona wewe unaonekana unalala usingizi?

Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila mtu atakayetuuliza habari za tumaini lililo ndani yetu. Hapo sasa nimeulizwa! Na moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikaanza kutetemeka nikaificha kwenye kanga, nikaomba ndani kwa ndani Bwana nipe usemi, nikafungua mdomo. Sikumhubiria mahubiri. Nilimwambia mume wangu alivyofariki akaniacha na watoto na deni, nilivyokuwa silali, na jinsi nilivyomwita Yesu usiku mmoja kwa machozi si kwa maneno mazuri, na amani aliyonipa deni likiwa bado liko palepale. Nikamwambia Yesu alikufa kwa ajili yangu na akafufuka na yupo hai, na hata wewe anakupenda hivyohivyo. Ilikuwa ni maneno machache tu.

Akaniuliza, sasa huyo Mungu wako kama anakupenda mbona alimchukua mumeo?

Lile swali nililoliogopa miaka yote ndo hilo limekuja. Nikamjibu, kaka sijui, ila najua sikulia peke yangu. Akanyamaza. Akaja mteja akainuka kwenda kupima.

Hakuokoka siku hiyo na mpaka naandika hapa bado hajaokoka. Ila baada ya wiki kadhaa aliniomba Agano Jipya lenye herufi kubwa kwa ajili ya mke wake, akina mama wakaanza kwenda kumtembelea, na sasa hivi yule mama anakuja ibadani Jumapili akiwa na nguvu, na mume wake ndo anamleta kwa pikipiki, anamshusha getini anaondoka. Sijawahi kumkaba kwamba na wewe ingia. Naendelea kuomba.

Jirani yangu Muislamu na yeye tunaongea sana mambo ya imani kuliko watu wanavyofikiri. Simsemei dini yake vibaya hata kidogo, Ramadhani sili mbele yake, na akiniuliza kwanini tunamwita Yesu Mwana wa Mungu namweleza ninavyoamini bila kupunguza neno, na yeye ananieleza anavyoamini, nasikiliza mpaka mwisho. Petro alimalizia kwa kusema kwa upole na kwa hofu, kuna watu wanasimama na spika karibu na msikiti wanatukana, mi huo siuiti ujasiri.

Alafu kuna semina moja mwinjilisti wetu alitufundisha habari za ziwa hili hili tunalokula kwake. Kwamba mwaka 1877 wamisionari wawili wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe, hukohuko dagaa wangu wanakotoka. Na kule ng'ambo, Buganda, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, yaani mfalme wa kule, walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, kwa kukataa kumkana Kristo. Nililia siku ile. Nikamfikiria na jirani yangu, dini inaweza ikawa ilikuja na meli kweli, lakini wale vijana walikuwa Waganda wa hapahapa ziwani, na imani waliyofia ilikuwa imeshakuwa yao wenyewe. Nilimsimulia hiyo habari. Akaniuliza walikuwa na umri gani, nikamwambia wengine walikuwa vijana wadogo kabisa, akasema siku nyingine unisimulie tena.

Kwa sasa kwenye maombi ya Alhamisi nimeongeza jina lingine, kuli mmoja kijana anayenibebea mzigo, ana matusi mazito lakini juzi aliniuliza mwenyewe kama kanisani wanampokea mtu wa pombe kali na bangi. Nimemwambia aje. Ameniambia ataangalia Jumapili hii kama hakuna boti la kushusha, kwa hiyo anayesoma hapa na anaomba, amkumbuke huyo kijana, na mimi pia nipewe usemi.