Ng'ombe aliyekatwa kichwa

Jumamosi, usiku

Nimelifuta faili la msimbo wa kuunganisha herufi katika programu yangu. Mistari mia tisa na kitu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupokea Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu na kuamua kila herufi ichorwe kwa umbo gani, la mwanzo, la kati, la mwisho au la peke yake. Maumbo niliyachota kwenye jedwali lililomo tayari ndani ya Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake. Kwa پ, چ na ڤ mambo yalikwenda vizuri, nikavimba kichwa.

Kilichoniumbua ni ng'. Mimi naiandika ڠ, ain yenye nukta tatu juu, na jedwali lile halina maumbo yake. Kwa hiyo kila "ng'ombe" alitokea kichwa huku, kiwiliwili kule. Mtumiaji mmoja aliniuliza kwa adabu kama ndiyo tahajia ya kwetu.

Sasa kazi hiyo nimeikabidhi HarfBuzz, maktaba huria ya msimbo iliyomo ndani ya Firefox, Chrome na Android. LibreOffice nao walihamia huko mwaka 2017, kwenye toleo la 5.3. Umbo la herufi HarfBuzz inaiuliza fonti yenyewe. Fonti ikiijua ڠ, basi. Na irabu zinakaa mahali pake! Msimbo wangu ulipandisha kila fataha, ile alama ya irabu "a" juu ya herufi, kwa kimo kilekile, ikawa inachoma herufi ndefu ya lam tumboni.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Vipimo inavyorudisha ni vya kizio cha fonti, yaani vigawanyo vidogo vya ukubwa wa herufi, mimi nikavichukua kama pikseli. Fonti yangu ina vizio 2048, nami nachora kwa ukubwa wa pikseli 32, kwa hiyo kila kitu kilitanuka mara 64. Kiooni palibaki mkia wa herufi moja.

Jumapili

HarfBuzz haifanyi kila kitu. Mwaka "1728" ukiwa katikati ya mshororo, ni juu yako kupanga kipi kisomwe kutoka kulia na kipi kutoka kushoto kabla ya kuipa maandishi. Hapo nimeongeza FriBidi, maktaba ya kupanga mwelekeo wa maandishi. Sikupenda kutegemea maktaba mbili badala ya moja, lakini kuliandika hilo mwenyewe ni kurudi kulekule.

Kazi ngumu imekuwa mafaili ya zamani. Nilikuwa nahifadhi maumbo badala ya herufi, ndiyo maana kutafuta neno hakukuwahi kufanya kazi. Nikayapitisha kwenye usanifishaji wa Unicode, ule wa NFKC, unaorudisha umbo kwenye herufi yake ya asili. Herufi zikarudi. Fataha nazo zikarudi, kila moja na nafasi tupu kabla yake, maana ndivyo jedwali linavyoieleza fataha iliyosimama peke yake. Beti nzima zikawa kama meno ya mtoto wa miaka saba. Imebidi niondoe kila nafasi inayofuatwa na irabu, kisha nipitie kwa macho.

Nimetafuta ng'ombe. Wamepatikana kumi na mmoja, wote wana vichwa.

Kukata mishororo mirefu bado ni msimbo wangu, HarfBuzz haiugusi. Nitaanza nao Jumatano.