Nilivyoanzisha klabu ya sola shuleni kwetu Dodoma

Mi nafundisha fizikia shule ya kata huku vijijini Dodoma na mwaka juzi nilianzisha klabu ya Jumamosi ya sola na tabianchi kwa kidato cha pili. Naeleza nilivyofanya kwa yeyote anayetaka kuanzisha ya kwake.

Siku ya kwanza nilijaza ubao mzima, hewa ukaa, barafu ya Kilimanjaro inavyoisha, wakanakili kimya wakaenda zao, wiki ya pili walikuja 9 tu kati ya 31. Iliniuma sana. Jumamosi iliyofuata sikugusa chaki, nilibeba paneli ndogo ya wati 20 na multimita (kipimio cha umeme) ya elfu 15, tukatoka nje juani. Nikawaambia pimeni. Bila kuunganisha kifaa chochote wakapata volti 21 wakashangaa, kwani nyuma imeandikwa paneli ya volti 12, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Tukahamia kwenye ampea, ikasoma 1.1, halafu binti mmoja ambaye darasani hajawahi kunyoosha mkono akaweka kiganja chake juu ya seli moja tu, moja kati ya 36, na namba ikaporomoka mpaka 0.2. Akatoa mkono ikapanda, akarudisha ikashuka. Akaniuliza, "Madam, kwahiyo ile ya juu ya paa la bweni iliyo chini ya mwarobaini?"

Hapo ndo klabu ilipoanza kweli.

Maana bweni lina sola iliyokuwa imekufa muda mrefu na kila mtu alishasema ni feki. Tukapanda kuangalia. Mwarobaini ulikuwa mdogo wakati inafungwa, sasa tawi linafunika robo ya paneli kuanzia saa 8 mchana, vumbi juu unaweza kuandika jina kwa kidole, na ndani kuna watu walishachomoa waya kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, wakaunga moja kwa moja kwenye betri ili TV isikatike. Kontrola ikikata umeme inakuwa inailinda betri isikauke chaji, ukiiruka ndo unaiua betri yenyewe, na ile ilikuwa imekufa kabisa, volti 4.

Kabla ya kununua betri nyingine niliwapigisha hesabu wao. Taa 5 za wati 7 kwa masaa 3 ya prepo ni wati-saa 105 kwa usiku, betri ya N70 (volti 12, ampea-saa 70) ina kama 840 na ukitumia nusu tu unabaki na 420, yaani hata mawingu yakikaa siku 3 watoto wanasoma. Karatasi hiyo hiyo ndo waliisoma kwenye kikao cha wazazi, na wazazi wakachanga elfu mbili mbili, mkuu wa shule akamalizia. Tawi tukakata, paneli tukaigeuza iangalie kaskazini kwasababu sisi tuko kusini mwa ikweta, ikainama kidogo ili mvua ioshe vumbi.

Mambo ya tabianchi yalikuja yenyewe baada ya hapo, sikuyalazimisha. Niliwatuma kwa wazee, shikamoo babu, zamani mlikuwa mnapanda mtama lini? Wakarudi na majibu yanayogongana, wengine wanasema mvua inachelewa, wengine inakuja kwa siku chache halafu inakata uwele ukiwa magotini. Nikawaambia basi na sisi tuandike ya kwetu ili tusitegemee kumbukumbu. Kopo la kukinga mvua lenye kuta zilizonyooka, rula ya kupima kina cha maji, milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, na zamu ya kusoma saa 3 asubuhi hata Jumapili.

Daftari sasa lina misimu miwili. Kurasa nyingi ni sifuri, sifuri, sifuri, kila moja ina sahihi ya mwenye zamu, na mvua ya kwanza ya msimu huu, milimita 23, kaiandika yule binti wa kiganja kwa kalamu nyekundu.